Bakteria wa tumboni na ugonjwa wa uvimbe wa utumbo (IBD) kwa watoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mzazi au mlezi ambaye mtoto wake amegundulika kuwa na ugonjwa wa Crohn au kolaitisi ya vidonda, na kwa yule ambaye bado anasubiri majibu ya vipimo. Dozi tulizozitaja ni za kukusaidia kufuatilia anachosema daktari. Usizitumie kumtibu mtoto mwenyewe nyumbani.

IBD ni ugonjwa gani?

Ni uvimbe wa kudumu ndani ya utumbo. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hubaki imewaka pasipo adui wa kumaliza, na moto wake huunguza utumbo wenyewe. Uvimbe huu si saratani.

Aina kuu ni mbili. Crohn inaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi kwenye njia ya haja kubwa. Huruka: hapa pameshikwa, hapa pazima, kisha pameshikwa tena. Pia huchimba unene wote wa ukuta wa utumbo, ndiyo maana baadhi ya watoto hupata fistula (tundu lisilo la kawaida linalounganisha utumbo na ngozi au kiungo kingine), majipu karibu na njia ya haja kubwa, au utumbo kubana. Kolaitisi ya vidonda hukaa kwenye utumbo mpana peke yake, huanzia mwishoni, kwenye rektamu, na kupanda juu bila kuruka, na hushika utando wa ndani tu. Kwa watu wazima mara nyingi huishia njiani, lakini kwa watoto mara nyingi huwa imeshashika utumbo mpana wote siku inapogundulika.

Wapo watoto ambao kwa miaka kadhaa haijulikani wana ipi kati ya hizo mbili. Matibabu huanza hata hivyo.

Usichanganye IBD na IBS. IBS huumiza tumbo na kuvuruga choo, ila utumbo hauna vidonda wala uvimbe, na ukuaji wa mtoto hauathiriki.

Bakteria wanaingiaje hapa?

Ndani ya utumbo wa kila mtu wanaishi bakteria matrilioni kwa matrilioni, wengi wao kwenye utumbo mpana. Mtoto huanza kuwapokea anapozaliwa, na kufikia umri wa miaka 3 hivi mchanganyiko wake huwa umekaribia ule wa mtu mzima. Kazi wanazofanya ni nyingi. Moja ni kuchachusha nyuzinyuzi za chakula ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya, na kutoa asidi fupi za mafuta kama butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli zinazofunika utumbo mpana. Nyingine ni kuifundisha kinga ya mwili nani wa kuvumiliwa na nani wa kupigwa.

Katika IBD uhusiano huo umeharibika. Aina za bakteria hupungua. Wale wanaotengeneza butireti, kama *Faecalibacterium prausnitzii*, huwa wachache, na wale wa jamii ya *E. coli* wanaostahimili mazingira yenye uvimbe huongezeka. Utafiti mkubwa wa Amerika Kaskazini uliochapishwa mwaka 2014 uliangalia watoto wenye Crohn kabla hawajaanza dawa yoyote, na ukakuta mabadiliko haya tayari yapo. Ulionyesha pia kwamba yanaonekana vizuri zaidi kwenye vinyofu vilivyochukuliwa kwenye ukuta wa utumbo kuliko kwenye kinyesi.

Je, bakteria walibadilika kwanza au uvimbe ulitangulia? Yote mawili husukumana. Utumbo wenye uvimbe huvuja damu na oksijeni kidogo, hali inayowafaa bakteria wa jamii ya *E. coli* na kuwaua wale wasioweza kuishi penye oksijeni. Nao wanaoongezeka huichokoza kinga zaidi.

Basi bakteria gani hasa amemletea mwanangu ugonjwa?

Hakuna bakteria mmoja wa kumshika na kumwondoa, kama ilivyo kwa kipindupindu. IBD hutokea pale urithi, kinga, bakteria na mazingira vinapokutana. Kuna zaidi ya maeneo 200 kwenye vinasaba yanayohusishwa nayo. La kwanza kutambuliwa kwa Crohn, mwaka 2001, ni jeni ya NOD2, ambayo kazi yake ni kutambua vipande vya ukuta wa bakteria. Lakini hata kwa mapacha wanaofanana kabisa, mara nyingi mmoja huugua Crohn na mwenzake asiugue. Urithi peke yake hautoshi.

Watoto waliougua kabla ya kutimiza miaka 6, na hasa chini ya miaka 2, ni kundi la pekee. Kwa baadhi yao hitilafu ya jeni moja ndiyo chanzo, kwa mfano ile ya kipokezi cha IL-10 (protini inayotuliza kinga), na tiba yake inaweza kuwa tofauti kabisa, hata kupandikiza uboho. Kama mwanao yuko katika umri huo, uliza kuhusu kipimo cha vinasaba na uchunguzi wa kinga mapema.

Je, ni kosa langu? Nilimpa antibiotiki nyingi. Alizaliwa kwa upasuaji. Hakunyonya.

Si kosa lako. Ni kweli kwamba tafiti zimehusisha matumizi ya antibiotiki utotoni na ongezeko la uwezekano wa IBD, na kunyonya na kupungua kwake. Lakini hayo ni mambo ya wastani katika maelfu ya watoto: walio wengi mno waliopewa antibiotiki hawakuugua, na wapo walionyonya miaka miwili wakaugua. Mtoto aliyepewa antibiotiki kwa nimonia aliihitaji. Hakuna daktari anayeweza kukuambia ni jambo gani moja lililomwangusha mwanao.

Huambukiza?

Hapana. Anaweza kula, kulala na kucheza na wenzake.

Dalili gani huwapita watu, wakaziona kwa kuchelewa?

Ukuaji. Damu kwenye choo humtisha kila mzazi na kumpeleka hospitali, na kolaitisi ya vidonda kwa kawaida hujitangaza hivyo. Crohn inaweza kukaa kimya mwaka mzima au zaidi: tumbo linauma kidogo, mtoto anachagua chakula, amechoka, na kila mtu anasema ni tabia. Wakati huo chati ya ukuaji inasema jambo jingine. Mtoto wa umri wa shule ambaye hajafika balehe hurefuka takriban sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Aliyekuwa akifuata mstari wake kwenye chati kisha akaanza kuuacha na kushuka anahitaji kuchunguzwa, hata kama haharishi. Ndivyo ilivyo pia kwa kijana ambaye balehe imechelewa kuliko ndugu zake wote.

Nyingine za kuzingatia: kuhara kunakozidi wiki nne, kuamka usiku kwenda chooni, kupungua uzito, vidonda vya mdomoni vinavyojirudia, homa zisizo na sababu, magoti au vifundo vya miguu kuvimba, uvimbe mwekundu wenye maumivu kwenye miguu chini ya magoti, upungufu wa damu usiopona kwa madini ya chuma. Kisha lipo lile ambalo watoto huficha kwa aibu, na wazazi huliona tu wakimwogesha aliye mdogo: ngozi iliyoota, mpasuko, jipu au tundu linalotoa usaha karibu na njia ya haja kubwa. Mwulize wazi, na mwombe daktari amwangalie.

Vipimo huenda kwa utaratibu gani?

Kwanza ni kuondoa maambukizi: kinyesi huoteshwa kutafuta bakteria kama *Salmonella*, *Shigella* na *Campylobacter*, hupimwa sumu ya *Clostridioides difficile*, na hutafutwa amiba na giardia. Kifua kikuu cha utumbo hufanana sana na Crohn, hata chini ya kamera, na kosa hapa ni la hatari, kwa sababu dawa zinazotuliza kinga humwachia huru mdudu wa kifua kikuu. Damu hupimwa wingi wake, CRP (kiashiria cha uvimbe), albumini (protini ya damu), ferritini (akiba ya madini ya chuma) na vimeng'enya vya ini. Majibu mazuri ya damu hayamalizi swali: baadhi ya watoto wenye IBD wana damu isiyo na kasoro.

Kisha huja kamera, ya juu kupitia mdomoni na ya chini kupitia njia ya haja kubwa hadi mwisho wa utumbo mwembamba, mtoto akiwa amelazwa usingizi. Vinyofu huchukuliwa sehemu nyingi, hata zinazoonekana nzima, kwa kuwa uvimbe wakati mwingine huonekana kwa hadubini tu. Utumbo mwembamba ambao kamera haiufikii huangaliwa kwa MRI (picha inayopigwa kwa sumaku).

Kipimo cha kalprotektini ni nini, na mbona majibu hupanda na kushuka?

Kalprotektini ni protini ya chembe nyeupe za damu. Utumbo ukiwa na uvimbe, chembe hizo huingia ndani yake na protini huonekana kwenye kinyesi. Kwa mtoto wa zaidi ya miaka 4, chini ya mikrogramu 50 kwa gramu ni kawaida. Kati ya 50 na 250 ni eneo la mashaka, la kurudia kipimo. Kwa mtoto ambaye tayari ana IBD, zaidi ya 250 huashiria kwamba uvimbe upo, hata akisema anajisikia vizuri. Watoto wachanga wana viwango vya juu pasipo ugonjwa, hivyo usilinganishe jibu la mtoto wa miezi 10 na la kaka yake.

Mengi huharibika kwenye kuchukua sampuli. Chukua choo cha kwanza cha asubuhi. Kinge kwenye chombo kikavu, kisichanganyike na mkojo wala maji. Chota kiasi cha kijiko kidogo, funga, weka kwenye friji na ukifikishe maabara ndani ya siku tatu. Usipime katikati ya maambukizi ya kuhara, wala mtoto akiwa ametoka kutumia ibuprofeni au diklofenaki, kwa sababu vyote hupandisha jibu. Tumia maabara ileile kila mara, maana vifaa tofauti hutoa namba tofauti kwa kinyesi kilekile.

Nimeona vifaa vya kupima bakteria wote wa tumboni. Ninunue?

Usinunue. Utapewa orodha ndefu ya majina na rangi nyekundu na kijani, lakini hakuna kiwango kilichokubalika cha bakteria kinachothibitisha IBD au kuonyesha dawa ya kuchagua. Mchanganyiko hubadilika kwa chakula, dawa na hata kasi ya choo. Fedha hizo zina kazi nzuri zaidi kwenye kalprotektini.

Daktari amesema mtoto aache chakula chote na anywe maziwa maalumu wiki nane. Kweli hii ni tiba?

Ni tiba, na kwa mtoto mwenye Crohn ndiyo mara nyingi huwa ya kwanza kupendekezwa, mbele ya steroidi (dawa za kuzima uvimbe haraka, kama prednisoloni). Hutumika kwa wiki 6 hadi 8. Takriban watoto wanane kati ya kumi wanaoimaliza hutulia, na huponya utando wa utumbo kuliko steroidi, huku uzito ukiongezeka na urefu ukisalimika. Kwa kolaitisi ya vidonda haijathibitika, wala haifanyi kazi yenyewe kwa fistula na majipu.

Hesabu yake ni rahisi. Mtaalamu wa lishe hukadiria nishati mtoto anayohitaji, mara nyingi akiongeza kidogo kufidia alichopoteza. Anayehitaji kilokalori 1,800 kwa siku, kwa maziwa yenye kilokalori 1 kwa mililita, atakunywa lita 1.8, tuseme mililita 300 mara sita. Yakiwa ya kilokalori 1.5 kwa mililita, ni lita 1.2 tu, na kwa mtoto anayejaa haraka tofauti hiyo ndiyo ushindi. Maji ya kunywa anaruhusiwa. Mengine yote, muulize mtaalamu kwanza.

Siku mbili tatu za mwanzo mpandishe polepole. Mtoto aliyekonda sana huanzishiwa hospitalini, kwa sababu kulishwa ghafla baada ya njaa ndefu huweza kushusha fosfeti, potasiamu na magnesiamu kwenye damu hadi kuhatarisha moyo.

Yanayokwamisha tunayajua. Ladha huchosha kuanzia wiki ya pili: yape ubaridi, tumia mrija wa kunywea na kikombe chenye kifuniko kuzuia harufu. Chupa iliyofunguliwa haikai nje zaidi ya saa nne wala kwenye friji zaidi ya saa 24. Choo huweza kuwa cha kijani na laini, au kikafunga, vyote hutarajiwa. Asipofikisha kiasi chake kwa siku tatu mfululizo, mrija mwembamba wa puani si adhabu wala si kushindwa. Watoto wengi huuzoea ndani ya siku chache na kupata amani mezani.

Na kuonja? Hapa tunakuwa wakali kwa sababu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulilinganisha watoto waliopata lishe yao yote kwa maziwa na waliopata nusu huku wakila chakula cha kawaida. Kundi la kwanza lilitulia karibu mara tatu ya la pili. Msaidie kwa kumtafutia la kufanya wakati wengine wanakula, na mwarifu mwalimu wake ili asiwe anagawiwa chakula na wenzake.

Dalili hupungua ndani ya wiki mbili hivi. Zisipopungua kabisa, usingoje wiki ya nane. Rudi kwa daktari, mpango ubadilishwe.

Maziwa hayo hufanya nini kwa bakteria?

Ungetarajia yaongeze bakteria wazuri. Kinyume chake, tafiti za watoto wakiwa kwenye lishe hii zimeonyesha aina za bakteria zikipungua zaidi, hata *F. prausnitzii* akipungua, na butireti ikishuka, huku kalprotektini na dalili vikishuka pia. Baada ya chakula kurudi, bakteria hurejea walikokuwa.

Tunalisisitiza hili kwa sababu linasaidia kupima ahadi unazosikia. Tiba yenye ushahidi imara kabisa inayopitia kwa bakteria haiongezi bakteria tumboni. Inawaondolea chakula na kuipa kinga nafasi ya kupoa. Kwa hiyo mtu akikuambia mwanao atapona kwa kuongezewa bakteria wazuri, mwulize ameona wapi.

Wiki nane zikiisha anakula nini?

Chakula hurudishwa kwa hatua, kati ya wiki moja na tatu. Maziwa pekee hayazuii ugonjwa kuamka tena, hivyo dawa ya kuutuliza huwa imeshaanzishwa.

Ipo pia lishe ya kuondoa vyakula fulani iliyotengenezwa kwa ajili ya Crohn, ambayo utafiti wa watoto wa mwaka 2019 uliiona ikivumilika kuliko maziwa matupu. Mtoto hupata nusu ya nishati kwa maziwa kwa wiki 6, kisha robo kwa wiki 6 zinazofuata, na sehemu iliyobaki kwa vyakula vilivyochaguliwa. Huondoa vyakula vya viwandani vyenye viungio, zikiwemo emalsifaya (viungio vya kuchanganya mafuta na maji) kama polisobeti 80 na kaboksimethiliselulosi, ambazo kwa panya zimeonekana kula ute unaowatenga bakteria na ukuta wa utumbo. Ifanye na mtaalamu wa lishe, kwa kuwa ukiibuni mwenyewe utamnyima mtoto kalisi, protini na nishati asizoweza kuzikosa.

Nyuzinyuzi hazikatazwi kwa wote. Mwenye utumbo uliobana ndiye wa kuepuka maganda, mbegu na nyuzi ngumu, zisije zikaziba.

Probiotiki je?

Kwa Crohn, haisaidii kutuliza ugonjwa wala kuzuia usirudi, na hatuishauri. Kwa kolaitisi ya vidonda isiyo kali, baadhi ya miongozo ya watoto inaruhusu kufikiria *E. coli* Nissle 1917 au mchanganyiko wa aina nane za bakteria, kama nyongeza juu ya dawa. Neno la kushika ni nyongeza. Madhara makubwa tunayoyaona si ya probiotiki yenyewe, ni ya mesalazini, dawa ya kolaitisi, iliyoachwa kwa sababu probiotiki "ni ya asili". Mtoto mwenye mrija wa kwenye mshipa mkubwa wa damu, au ambaye kinga yake imeshushwa sana, asipewe bila daktari kujua, maana bakteria hao wanaweza kuingia kwenye damu.

Kama tatizo ni bakteria, kwa nini asipewe antibiotiki tu?

Hupewa penye sababu: metronidazoli au siprofloksasini kwa majipu na fistula za njia ya haja kubwa, kwa mfano. Hazitibu IBD kwa ujumla. Huua pia bakteria wanaohitajika, na humfungulia mlango *C. difficile*, ambaye dalili zake ni zilezile za ugonjwa kuamka. Ndiyo sababu kila dalili zinaporudi kinyesi kipimwe kwanza kabla ya kuongeza dawa za kutuliza kinga.

Na kupandikiza kinyesi cha mtu mwenye afya?

Ni tiba inayofanya kazi kwa maambukizi ya *C. difficile* yanayojirudia. Kwa IBD ya watoto bado iko ndani ya tafiti. Usijaribu nyumbani, hata kwa kinyesi cha ndugu. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya mgonjwa kufariki kwa *E. coli* sugu aliyetoka kwa mtoaji ambaye hakupimwa bakteria huyo.

Dawa anazoandikiwa zinafanya nini?

Mesalazini ni ya kolaitisi ya vidonda isiyo kali, miligramu 60 hadi 80 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Prednisoloni huzima moto haraka lakini huzuia kurefuka na hudhoofisha mifupa, hivyo ni ya wiki chache, na hushushwa taratibu. Ukiikatisha ghafla, tezi za adrenali, zinazotengeneza steroidi ya mwili, huwa zimelala na haziwezi kuamka mara moja. Azathioprini, dawa ya kushusha kinga, huchukua wiki 8 hadi 14 kufanya kazi, kwa hiyo usiseme imeshindwa mwezi wa kwanza, na damu lazima ipimwe mara kwa mara. Infliksimabu, nayo ya kushusha kinga, huingizwa kwenye mshipa: dozi ya kwanza, ya pili baada ya wiki 2, ya tatu wiki ya 6, kisha kila wiki 8. Watoto wadogo huimaliza mwilini haraka, hivyo wengi huhitaji dozi kubwa zaidi au kwa muda mfupi zaidi. Kiwango chake kwenye damu hupimwa. Kabla ya kuianza, kifua kikuu na homa ya ini B vipimwe.

Chanjo?

Zisizo hai apate zote, mafua kila mwaka. Zilizo hai, yaani surua, matumbwitumbwi na rubela, tetekuwanga, homa ya manjano, BCG na polio ya matone, hazipewi mtoto aliye kwenye dawa za kushusha kinga. Kagua kadi yake siku ya utambuzi, ili zinazokosekana zitolewe angalau wiki nne kabla ya dawa, kama hali yake inaruhusu kungoja. Akiwa mgonjwa sana, dawa hutangulia.

Akiumwa kichwa au homa, nimpe nini?

Parasetamoli. Epuka ibuprofeni na jamii yake. Loperamidi ya kuzuia kuhara isitumike mtoto akiwa na kolaitisi iliyoamka, kwa kuwa utumbo mpana unaweza kutanuka na kupasuka.

Wakati gani nisingoje asubuhi?

Choo chenye damu mara sita au zaidi kwa siku. Tumbo lililojaa na kukakamaa. Maumivu yasiyokatika na kutapika kijani. Homa kwa mtoto aliye kwenye dawa za kushusha kinga. Kizunguzungu, moyo kwenda mbio au kutokukojoa. Uvimbe wa ghafla wenye maumivu makali karibu na njia ya haja kubwa. Nenda naye hospitali ukiwa na orodha ya dawa zake, dozi na saa aliyotumia ya mwisho, na sema mwanzoni kabisa kwamba ana IBD na kama anatumia steroidi. Kolaitisi kali hutibiwa wodini kwa steroidi za mshipani, na siku ya tatu timu hutathmini kama zinatosha au dawa ya pili iandaliwe, kwa hiyo saa unazookoa nyumbani zina thamani wodini.